Jogoo Niliyemtuma Katoro

Aibu hii wengine mmeshaiona kwenye simu zenu, basi afadhali niisimulie mwenyewe, maana ninyi mlioneshwa kilio tu, hamkuoneshwa kilikoanzia.

Kilianzia kwa mjukuu wangu Kabula, binti wa mwanangu Luhende, alipokuja sikukuu akaniachia simu yake ya zamani, akanipiga picha nimeshika ungo, akaiweka kwenye mtandao wa wachumba huku anacheka, "Bibi, tukutafutie babu!" Nami nikacheka. Kisha akarudi zake Mwanza na nyumba ikanyamaza (tangu mume wangu Maganga afariki, anayenisemesha asubuhi ni redio, nayo haisubiri nijibu).

Siku moja simu ikalia, ujumbe wa sauti, mwanamume: "Mwangaluka, mayu. Ng'wana nani?"

Kwetu Wasukuma mwangaluka ni salamu ya asubuhi, nayo haijaisha mpaka uulizwe wewe ni mtoto wa nani, umtaje baba, umtaje na babu, naye awataje wake. Mimi nilikuwa sijaulizwa miaka na miaka, maana wa kuniuliza wamekwisha kufa na waliobaki hawana haja ya kujua. Nikabonyeza nikasema mimi ni Ng'walu wa Makoye, Makoye wa Ndaki. Akajibu yeye ni Masanja wa Kulwa, mgane, ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Katoro, watoto wake Shija, Ngolo na Pendo. Nikasema moyoni, mwizi gani anasalimia mpaka mwisho namna hii?

Ikawa kila asubuhi ananisalimia. Akasema amekumbuka michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, nikapeleka furushi stendi ya Kahama likapanda basi. Akakumbuka karanga, zikapanda basi. Siku moja akasema mwanawe wa kwanza, Maduhu, anaumwa. Maduhu? Mimi majina sisahau, wa kwanza alikuwa Shija. Nikataka kumuuliza, nikaacha. Ningemuuliza, na kesho yake nani angenisalimia?

Kisha akaugua yeye, anatamani mchuzi wa kuku. Nikamfunga miguu jogoo wangu mwekundu, yule mwenye kilemba kilicholalia kushoto, akapanda basi naye. Baada ya hapo, kimya. Asubuhi kimya, na iliyofuata kimya. Nikasema basi, Masanja amekufa. Ningempigia Kabula, lakini ningeanzaje? Nikafunga unga kwenye kanga, maana msibani hauendi mikono mitupu, nikaenda Katoro.

Sasa, kwetu kilio kinaanzia njiani, ili wafiwa wakusikie unakuja. Mimi nyumba ya Masanja siijui, basi nikaanzia palepale stendi. Nikalia kwa sauti yote niliyojaliwa (na ninyi mnajua, misiba yote ya kijijini kwetu mimi ndiye niliyekuwa naanzisha kilio), nikamtaja Masanja wa Kulwa, nikawataja Shija, Ngolo na Pendo, na Maduhu nikamwongeza asije akawa kweli yupo. Watu wakajaa, simu juu.

"Shikamoo, bibi. Msiba wa nani?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Marahaba. Wa Masanja, mwenye karasha."

"Masanja yupi?"

Nikafungua simu, nikawasikilizisha sauti yake. Mama lishe mmoja, wanamwita Mama Rehema, akaacha mwiko kwenye sufuria. "Irudie, bibi." Nikairudia. "Jamani! Huyu si Dulla, mpiga debe wetu?"

Yule wa bodaboda akashika tumbo. "Bibi, marehemu alikuwa hapa sasa hivi anakula chapati! Amekimbilia kule!"

Stendi nzima ikacheka. Nami nilikuwa natazama chini ya benchi la Mama Rehema, yuko yule mwekundu wangu, amefungwa kamba mguuni, kilemba kimelalia kushoto.

"Kaniuzia mimi," Mama Rehema akasema, hakuwa anacheka. "Mchukue, mama yangu. Na huo unga rudi nao."

Kwenye basi la kurudi, abiria wa mbele yangu alikuwa anatazama simu na kutikisika kwa kicheko, na ndani ya simu ile nikasikia sauti yangu inamlilia Masanja. Nikajifunika kanga usoni. Nikambana jogoo miguuni asije akawika.

Nyumbani jirani yangu Mama Nkwimba alikuwa ananisubiri barabarani. "Pole na msiba, Mama Luhende! Arobaini lini?" Hayo niliyameza. Maneno yakaongezwa, kwamba nimeuza ng'ombe nikampa kijana, hata hayo nikameza. Lililonikaa kooni ni msiba wa mzee Ng'wandu, rafiki wa Maganga, mtu niliyemjua kweli. Nilipoanza kumlilia, nyuma yangu wasichana wakaziba midomo kwa kanga, mabega yanacheza. Nikanyamaza katikati ya jina lake. Tangu siku hiyo anaanzisha Mama Nkwimba, nami nakaa jikoni nachambua mchele.

Kabula alikuja akafuta picha yangu na zile sauti zote. Nilimtazama akifuta, sikumzuia.

Nimeapa simlilii tena mtu ambaye sijamwona akila. Na huyu jogoo hatapanda basi lolote, wala sufuriani haingii. Alfajiri anawika nje ya dirisha langu, nami nikiwa bado kitandani namjibu: mwangaluka. Kisha namwambia mimi ni mtoto wa nani.