Binti wa Itumbe na Nchi Isiyo na Jioni

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai ya Itumbe asubuhi hii ya Ijumaa, na Cynthia Nyamusi yumo ndani yake, kikapu mgongoni. Vidole vinachuma majani mawili na chipukizi. Simu imo kwenye mfuko wa aproni, na humo zinatoka sauti za watu wanaouliza habari za nchi ambayo haipo.

"Kuku wa huko wanaingia ndani saa ngapi?" anauliza shabiki mmoja.

"Wakishiba," Nyamusi anajibu bila kuacha kuchuma. "Huko kuku hawangoji giza."

Nyamusi, mwenye umri wa miaka 31, ndiye mtunzi wa Nchi ya Saa Tisa, tamthilia ya kubuni ya kisayansi inayoonyeshwa kila Jumapili na kituo kidogo cha televisheni mjini Kisii. Watu wake wanaishi katika sayari ya mbali ambako jua limesimama pale tunapoliona sisi saa tisa alasiri. Chini ya mwanga huo wa manjano wanalima, wanapendana na kugombania mipaka ya mashamba. Aliyewahi kulala kwenye nyasi saa hizo, tumbo limejaa, anaijua nchi hiyo tayari.

Ungedhani aliiota miaka mingi. Wapi!

"Hatukuwa na taa," anasema akicheka. "Tulikuwa tunapiga picha mchana tu, nikaona afadhali hiyo sayari isikuwe na usiku."

Anacholipwa na kituo humezwa na nauli ya waigizaji, kwa hiyo chai ndiyo inayomlisha. Mavazi hupatiwa na Shueib, muuza mitumba wa soko la Daraja Mbili, ambaye huweka kando makoti ya mvua na mapazia ya ajabu ajabu. Ni Shueib aliyeanzisha balaa.

"Nilimuuliza tu, dada, hiyo nchi yako swala ya Magharibi tunaswali saa ngapi, na jua halizami?" anakumbuka mfanyabiashara huyo. "Alicheka. Mimi sikuwa nacheka."

Nyamusi alikwenda nyumbani kumsimulia mama yake, Mama Persis, akitarajia wacheke pamoja. Mama Persis ni Msabato, na Sabato yake huanza jua likitua Ijumaa. Hakucheka hata kidogo.

"Aliniuliza, kama jua halitui, Sabato inaanza lini? Akasema hawezi kuangalia nchi ambayo Mungu amenyimwa siku yake."

Tangu hapo, kipindi kikianza, mama huhamia jikoni.

"Watu wananisifu mpaka kule mbali Magwagwa," anasema Nyamusi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Lakini mama yangu hajaona hata sehemu moja. Hiyo inaniuma, sitaficha."

Jibu limemjia wiki hii, hapa hapa shambani. Aliinua macho akaona ng'ambo ya mto kivuli kimeshaingia, na upande wao bado jua linawaka.

"Nikajua jioni inaweza kuwa mahali," anasema.

Alasiri tunashuka pamoja hadi kwa mama. Ni siku ya maandalio ya Sabato: nyumba imefagiliwa, na chakula cha kesho kimeshapikwa. Mama Persis ameketi kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha. Magoti yalimkataa tangu mvua za mwaka jana, na njia ya kwenda kanisani ina utelezi ambao hata pikipiki huukwepa. Siku hizi husikiliza ibada redioni. Husema inamtosha.

Wanazungumza Ekegusii, lugha yao ya nyumbani, na Nyamusi ananitafsiria.

"Mama, nimepata jibu la Sabato."

"Sema."

"Huko Sabato haiwajii. Wao ndio wanaiendea. Wanafunga milango, wanalipa jua kisogo na kutembea. Wakizidi kwenda, linazidi kushuka nyuma yao, mpaka wanafika pale linapogusa vilima. Hapo ni jioni siku zote. Wanapumzika, kisha wanarudi kwenye kazi na mwanga."

"Na siku ya sita wanaijuaje?"

"Kwa chai. Wakichuma leo, ikichipua tena wanajua juma limeisha."

Mama anaitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali bei. Kisha anapapasa goti lake.

"Na yule ambaye miguu imemkataa?" anauliza. "Anabaki kwenye jua peke yake?"

Nyamusi anachuchumaa kando ya kigoda. Najua sasa Mama Persis haulizi habari za sayari.

"Anabebwa, Mama."

"Na nani?"

"Na binti yake."

Mama Persis anatazama ng'ambo ya mto.

"Basi hiyo nchi ina watu," anasema. "Jumapili unifungulie hiyo televisheni. Lakini uweke zile za zamani, tuanze mwanzo. Sitaki kuingilia katikati."

Mfululizo mpya utaanza kupigwa picha mwezi ujao. Nyamusi ameshaijua picha ya kwanza: mwanamke anatembea kwenye nyasi za manjano, mama yake mgongoni, na mbele yao vivuli vyao vinarefuka. Shueib ameagizwa atafute shuka imara la kumfungia mama huyo mgongoni.

Kabla ya hapo kuna kesho. Ananisindikiza hadi langoni, huku akimwita jirani yao Omwenga aje na miti miwili mirefu na kamba.

"Tutaifunga kwenye kiti chake cha mikono, tumbebe," anasema. "Saa tatu nataka awe amekaa mbele, kanisani, mahali pake pa zamani."

Simu inalia tena, shabiki mwingine ana swali. Nyamusi anatazama kilima cha ng'ambo, ambako jua limeanza kugusa miti, kisha anaizima na kurudi ndani kwa mama yake.