Eunike na Uganga wa Mafuriko

Eunike ana duka la mbegu na dawa za mifugo Usa River. Kila Jumapili baada ya ibada hupanda kilima hadi Nkoaranga kwa mdogo wake, Eliud, akiwa na mfuko wa dadu zenye pande nyingi. Mara ya kwanza nilipoziona nilidhani ni kamari, nikamsema vikali. Marehemu kaka yangu, baba yao, alikuwa mwenyekiti wa mfereji wa kumwagilia mashamba yetu. Asingevumilia kamari uani kwake. Eunike aliniacha nimalize, akanisogezea kiti na kuniambia, "Baba mdogo, kaa utazame kwanza."

Kumbe ni mchezo wa hadithi. Eunike husimulia safari ya milima, mapango na majitu. Wengine ni watu wa ndani ya hadithi. Kila mmoja husema atafanya nini, na dadu huamua kama ameweza. Paskalina, anayefungasha maua shambani, ni shujaa wa mkuki. Ezra, fundi bomba, ni mwizi mwepesi wa miguu. Eliud ni mganga.

Eliud alianguka kutoka juu ya mparachichi mwaka juzi, na tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Njia ya kwao ni mteremko mtupu, hawezi kushuka. Zamani mgonjwa wa kilima hiki hakukosa mtu wa kuketi naye. Siku hizi watu hutuma salamu kwa simu, wakadhani wamemtembelea. Ukiniondoa mimi na dada yake, wanaopanda ni hao wawili tu, na wanapanda kwa ajili ya mchezo.

Kwa huruma, Eunike alimpa uganga usio na kifani: akitamka, mafuriko hushuka mlimani na kusomba kila adui. Ikawa hivyo kila wiki. Majitu yakitokea, Eliud hutamka, yanasombwa, basi. Mkuki wa Paskalina ukakaa bure. Jumapili moja alimwambia Eunike kwa upole, pale mlangoni, kwamba anapanda mlima wote ule kuja kutazama mafuriko ya mtu mwingine, na kwamba yeye na Ezra wanafikiria kupumzika.

Mimi na Eunike tulishuka pamoja, yeye akipima la kufanya. Akiupunguza uganga ule, anamnyang'anya mdogo wake nguvu pekee aliyobaki nayo. Akiuacha ulivyo, Eliud atabaki na mafuriko yake katika ua mtupu. Tulipofika kwenye mfereji wa baba yake, ambao sasa ni magugu tu, nikaanza kulalamika kama kawaida yangu. Enzi zile maji yalikwenda kwa zamu, na asiyekuja siku ya kuchimba mfereji hakupewa hata tone. Leo kila mtu ana tangi lake na kufuli lake, na mfereji umekufa bila mazishi. Sikuwa namshauri, nilikuwa nanung'unika. Hata hivyo akasimama, akaniuliza ni nani waliokuwa wakifungua maji. Nikamwambia kila mwenye shamba alikuwa na lango lake.

Jumapili iliyofuata alitangaza sheria mpya. Mafuriko yatapita mferejini, na kila mchezaji ana lango lake. Asipolifungua, maji hayapiti upande wake. Mganga akitaka afunguliwe, kwanza atumie zamu yake kumchimbia mwenzake upande wake wa mfereji.

Eliud alikunja uso. "Dada, miguu sina. Sasa unanikata na mikono."

"Sijapunguza hata tone," alisema Eunike. "Ila hutayaleta peke yako."

Chai ikapoa vikombeni. Jitu likatokea. Eliud akatamka maneno yake, kisha akamtazama Paskalina.

"Ulichimba?" aliuliza Paskalina.

Ezra akacheka. "Mganga mzima, jembe hana."

Mwishowe Eliud akasema mganga wake ameinama, anachimba upande wa Paskalina. Jitu likamsogelea mgongoni. Ndipo Paskalina akarusha dadu, na mkuki wake ukalipata jitu pajani. Kisha akafungua lango. Maji yalipofika, watatu walikuwa wamesimama pamoja.

Swali lile la Paskalina sikuwa nimelisikia kilimani kwetu tangu tumzike kaka yangu. Inaniuma kwamba limebaki mchezoni tu, kwa watu wanaorusha dadu.

Walipoaga, Eliud alimwita Ezra. Alimwambia Jumapili ijayo awahi, kwa sababu upande wake bado haujachimbwa.