Nilitaka roketi ikamilike kwanza ndipo baba aione. Najuta

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mliojificha chooni na simu.

Kuna jambo limenikaa kifuani na nyumbani sina wa kumwambia. Nitalisema lote lilivyo, hata pale nitakapoonekana mjinga, maana nikianza kujipendelea hapa basi sina haja ya kuandika. Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aendelee na safari yake, tusigombane.

Mimi ni fundi. Natengeneza TV, redio na ving'amuzi, kibanda changu kiko Nkende hapa Tarime mjini. Kwetu hasa ni Morotonga, wilaya ya Serengeti, jirani na Mugumu. Baba na mama wako huko na ng'ombe wao.

Baba ni Mkurya wa zamani, mtu wa zizi na fimbo. Shule aliipita kwa nje. Ila ana tabia moja, anauliza. Ukimwambia kitu nusunusu atakuuliza mpaka utoke jasho.

Nikiwa darasa la tano, jioni moja tuko zizini, ikapita ile nyota inayotembea. Nikajidai msomi. Nikamwambia tata, yaani baba, hiyo siyo nyota, ni chombo watu wamekirusha.

Akaniita mura, yaani kijana, akauliza, "Kinapandaje, mura?"

Nikasema kwa moto.

"Moto? Mbona wa jikoni kwa mama yako haupandi na chungu?"

Akacheka sana, halafu akasema siku nikijua nije nimwonyeshe. Maneno hataki, anataka kuona kwa macho yake.

Huyu ndiye aliyeuza fahali wake kipenzi, mweupe mwenye mabaka meusi, nikasome ufundi. Hajawahi kulitaja hata siku moja. Mimi silisahau.

Sasa, mwaka juzi nilikuwa na mteja wangu, mgeni kutoka nje, fundi wa mitambo huko upande wa machimboni. Mkataba wake ulipoisha akawa anagawa vitu vyake. Mimi akanipa boksi. Nafungua, kit ya roketi!

Kwa wasiojua, siyo ya vita wala ya kwenda mwezini. Ni ya watu wanaopenda mambo hayo. Bomba la karatasi ngumu linalonifika kiunoni, pua ya plastiki, mabawa manne ya mbao laini kule chini, na parachuti ya nailoni inayokaa ndani. Injini yake imejazwa dawa ya kuwaka kiwandani, ndogo tu, inaenea kiganjani. Unaiwasha kwa waya na betri ukiwa umesimama mbali. Inapanda, ikifika juu inatema parachuti, inashuka taratibu. Alinipa injini mbili.

Nilifuata karatasi ya maelekezo. Jioni nne tu, ikawa imesimama mezani.

Wakuu, hata kama mtasahau mengine yote, hilo lishikeni. Jioni nne. Ilikuwa tayari kuruka.

Mwezi uleule mama akanipigia.

"Chacha, baba yako juzi kaisalimia nguzo ya zizi. Kaisalimia kabisa, akasubiri imjibu."

Mimi nikacheka. Mama hakucheka.

Nikawaita Tarime, nikampeleka hospitali. Presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda na la kulia lilikuwa njiani. Daktari akampa dawa ya matone, kisha akanivuta pembeni. Akasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki watajaribu kukilinda, lakini hawezi kunipa ahadi.

Najua kuna watakaoniuliza mbona hakupelekwa mapema. Mzee alikuwa anaficha. Ng'ombe anawajua kwa milio, watu anawajua kwa sauti, sasa nani angegundua? Ukimuuliza anakwambia vumbi.

Walilala kwangu siku mbili. Na roketi ilikuwa humohumo chumbani, juu ya kabati.

Niliifunika kwa kitenge.

Ndiyo. Baba yangu ana jicho moja linaloona, amelala hatua tatu kutoka kwenye kitu alichokiomba tangu nikiwa darasa la tano, na mimi nimekifunika.

Ngoja niwaeleze, siyo kwamba natafuta huruma. Nyumbani kwetu mtoto hampelekei baba kitu ambacho hakijaisha. Ukijenga nyumba kwenye mji wake, yeye haji kuchungulia msingi wala kuta. Unamaliza, unafagia, unamwita, anaingia wa kwanza. Zizi hivyohivyo. Kaka yangu aliwahi kumwita baba kwenye nyumba ambayo haijawekwa milango, mzee akaitazama kutoka barabarani, akageuka akaenda zake. Hiyo hadithi nimekua nayo.

Sasa nikiangalia ile roketi naona kazi ya kiwanda. Najua ataniuliza, "Na wewe hapa umefanya nini?" Gundi tu? Nikasema hapana, lazima iwe na mkono wangu.

Mama alikiinua kile kitenge asubuhi moja nikiwa nachemsha chai. Nikamweleza. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwonyeshe leo."

Nikamwambia bado, mama. Kidogo tu.

Ndipo nikaanza kuichokonoa.

Kwanza mabawa. Mbao yake niliiona laini mno, nikakata mengine kwa plaiwudi. Mazuri, magumu, nikayapiga msasa mpaka yakateleza. Kumbe nimeongeza uzito nyuma. Roketi ikiwa nzito nyuma haiendi juu, inapinduka hewani. Kuna njia ya kupima. Unaifunga kamba pale inapolala sawasawa, unaizungusha juu ya kichwa. Ikitanguliza pua, ni nzima. Yangu ilitanguliza makalio.

Mama mmoja anayeuza maandazi jirani na kibanda changu alinikuta naizungusha pale uani. Akaweka beseni lake chini.

"We Chacha, umerogwa au unafukuza kunguru?"

Nikaweka nati puani na gundi kali. Nikapima tena. Bado. Nikaongeza nati. Hapo mwezi umepita, maana kazi za watu nazo zipo.

Ikatanguliza pua, lakini sasa imekuwa nzito kwa ile parachuti yake. Nikatafuta mwavuli uliovunjika, nikaushona uwe parachuti nyingine kubwa. Hiyo nayo ikawa nene, haiingii kwenye bomba. Nikafumua, nikashona upya. Nikaona mbona nisiweke na kamera ndogo, mzee aone Morotonga kutoka juu kwenye simu yangu! Kamera ikaharibu uzito wote, nikaitoa, nikarudi kwenye kamba.

Mama anapiga. "Leo kamwaga maziwa, ndoo hakuiona." Namwambia wiki mbili, mama.

Anapiga tena. "Siku hizi anakaa nje asubuhi tu, anasema mchana kuna ukungu." Nasema namalizia rangi.

Rangi ndiyo ilinimaliza. Nilitaka iwe ya yule fahali, nyeupe yenye mabaka meusi. Nilipaka, sikuridhika, nikafuta. Nikapaka tena. Fundi mzima nagombana na brashi! Na kila nikiitazama nasema bado kidogo, mzee asije akaipita kama nyumba ya kaka.

Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu zile jioni nne.

Juzijuzi baada ya mavuno nikaipeleka. Ruhusa niliomba, mtendaji wa kijiji alijulishwa na polisi pia, msianze. Mtendaji aliizunguka mara mbili mikono nyuma, akaniuliza kama haitaenda kuangukia hifadhini. Nikamwonyesha upepo unakoelekea, akakubali ila akasema naye atakuwepo.

Tukaenda kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Majirani wakaja na watoto wao. Baba akaja na kofia yake na fimbo. Mama alimshika mkono. Nikajiambia anamshika kwa sababu ya mabua.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Leo ndiyo inapanda?"

"Leo ndiyo."

Nilimsimamisha mahali pazuri, jua likiwa mgongoni kwake. Nikaisimamisha roketi kwenye fimbo ya chuma ya kurushia, nikavuta waya mpaka kwenye betri ya pikipiki, nikawarudisha watu nyuma. Tukahesabu wote. Nikabonyeza.

Kimya. Waya haukushika. Watoto wakacheka.

Baba akasema kwa sauti, "Hata ng'ombe mgumu anakamuliwa mara ya pili." Watu wakacheka zaidi, na mimi nikacheka. Nikabadilisha waya.

Mara ya pili ikatoa mlio kama nguo nzito inachanwa, ikaondoka.

Wakuu, ilipanda! Imenyooka, pua mbele, haitikisiki. Sijawahi kufurahi hivyo. Ilipofika juu ikatema parachuti, upepo ukaishika ukaanza kuipeleka upande wa mikaratusi, na uwanja mzima ukageuza shingo kwenda huko, mtendaji, watoto, kina mama na vigelegele vyao.

Nikageuka nimwone baba anavyoona.

Alikuwa bado ametazama pale ilipoondokea. Kidevu amekiinua, mdomo wazi kidogo, anatabasamu, macho kwenye moshi uliokwisha. Aliposikia vigelegele akaanza kupiga makofi. Hakugeuza shingo. Roketi iko kulia kwake, kubwa, nyeupe, inashuka taratibu kabisa, mtu anaweza kuhesabu mabaka. Yeye anatazama mbele.

Akasema, "Nimeiona, mura. Nimeiona vizuri sana."

Mama alikuwa amemshika mkono. Akaniangalia, kisha akaangalia chini.

Nikasema, "Asante, tata." Nikaenda kuiokota nikiwa naomba iwe imeanguka mbali, nipate muda wa kufuta uso. Nililia kwenye ile mikaratusi kama mtoto, na sioni aibu kuwaambia.

Niliporudi nyumbani alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Akaiomba. Nikamwekea magotini. Akaipapasa kuanzia puani, taratibu, kama anavyopapasa ndama aliyezaliwa. Akafika kwenye mabawa, akayagonga kwa kucha. Akapitisha vidole pale nilipopiga msasa.

"Haya umeyachonga wewe."

"Ndiyo, tata."

"Inajulikana." Kisha akaniuliza, "Kilikuja lini hiki kitu?"

Wakuu, niliwaahidi ukweli. Hapa ndipo ulipo.

Mama alikuwa pale pale anachambua mboga. Anajua kila kitu, kitenge alikiinua kwa mkono wake. Ningesema kilikuja mwaka juzi, tata, ulikilalia karibu siku mbili na jicho lako moja zima. Mdomo ukakataa.

Nikasema, "Kilikuja mwezi uliopita. Nikakiunga haraka."

Mikono ya mama ikasimama kwenye mboga.

Baba akatikisa kichwa polepole. Akaniambia, "Basi wewe hukuchelewa, mwanangu. Mimi ndiye niliyechelewa. Ningekubali hospitali mapema ningekiona."

Halafu akaniomba msamaha. Baba yangu, mzee wa Kikurya, akaniomba mimi msamaha kwa kuwa hakuona kazi yangu. Na mimi nikamwambia usijali, tata.

Nimekaa na hilo mpaka leo. Kazi ikinishinda natupa bisibisi, natukana redio za watu, kumbe hasira zote ni za kwangu mwenyewe.

Kama kuna cha kujifunza ni hiki. Nilikuwa najiambia namheshimu baba kwa kusubiri kitu kiishe. Ulikuwa ni woga tu, na kiburi cha ufundi, kwamba asije akakuta kasoro. Baba alitaka kujua moto unabebaje kitu, na ile ya boksi ingemwonyesha vilevile. Kama una mzee na una kitu cha kumwonyesha, mpelekee kikiwa na kasoro zake. Atakucheka, atakuuliza maswali ya kukutoa jasho, na utarudi kwako umenuna. Nakwambia utarudi tajiri.

Injini moja bado ninayo. Sina hamu nayo.

Mama jana kanipigia. Anasema mzee amekuwa akiwaambia wageni kwamba mwanawe alimtengenezea kitu kwa mwezi mmoja, na yeye kwa ubishi wake akajinyima kukiona. Anawaambia hivyo kila anayepita. Mama akaniuliza, "Chacha, nimwache aendelee kusema hivyo?" Nikasema mtandao unasumbua.

Jumapili naenda Morotonga. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya hata kile kidogo anachojivunia, mtoto aliyewahi. Nikinyamaza, atazeeka akijilaumu kwa kosa langu.

Wenye wazee, na hasa mliokwisha kuwazika, niambieni. Ningekuwa mwanao, ungetaka nikwambie?