Gego Lililong'olewa Bila Picha

Daktari wa meno wa kwanza, kule Al Baraha, Dubai, aliyagonga magego yangu mawili ya chini, upande wa kulia, kwa kichuma chake, akauliza ni lipi linaloniuma. Nilimwambia maumivu yanazunguka, siwezi kulionyesha. Nikauliza kama hatapiga picha kwanza.

"Ya nini? Nimeshaliona," alijibu, akachukua koleo.

Siku ya tatu shavu lilikuwa limevimba na jino linauma palepale. Nilikuwa mlinzi kwenye ghala moja Al Quoz. Msimamizi alinitazama, akacheka. "Si uling'olewa? Sasa unaumwa na nini?" Akaniandika kwamba nakwepa kazi.

Dada wa Uganda niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja ndiye aliyenipeleka kliniki nyingine, siku yetu ya mapumziko. Daktari wa huko alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Dubai, wazazi wake Wazanzibari. Alinitia mdomoni kidude chembamba chenye waya.

"Uma hapo, mwanangu. Usitikisike."

Hata sijakitoa, picha ilikuwa imeshatokea kwenye kompyuta. Aliikuza mpaka mzizi mmoja ukajaa kioo chote.

"Waona weusi huu kwenye ncha? Usaha huo. Na huu ni ufa, umeshuka chini ya ufizi. Kwa macho matupu hauonekani."

Lilikuwa gego la pili, lililobaki mdomoni. Nikafungua mkoba, nikampa lile lililong'olewa, nililokuwa nimelifunga kwenye karatasi laini. Aliligeuza mara mbili kwenye mwanga.

"Hili lilikuwa zima," alisema, akanirudishia.

Sikulia mbele yake. Nililia chooni, mdomo ukiwa umekufa ganzi kwa sindano yake. Picha ilikuwa kazi ya dakika moja tu, na mtu aliionea uvivu dakika hiyo.

Yule mama alilitibu gego bovu, likabaki. Alinitumia picha kwenye simu, nikarudi nayo Al Baraha. Daktari wa kwanza aliivuta kwa vidole viwili, akaitazama kwa utulivu.

"Picha safi," alisema. "Unataka nikung'olee na hili?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima ndani ya basi. Nilichukua simu yangu nikaondoka, na mpaka leo natafunia upande wa kushoto.