Dawa ya Pamba Ziwani

Shida yangu ilianza mwaka 1995, nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Mwaka huo mume wangu alifariki, na mwaka huo huo ziwa likaugua. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sitazunguka sana.

Marehemu aliniachia mtumbwi wa mbao na nyavu. Ndugu zake walikaa kikao, wakataka nirithiwe na mdogo wake, mkulima wa pamba, mimi na mtumbwi kama fungu moja. Nikakataa. Wazee wa ukoo wakaamua hivi: mtumbwi utabaki kwangu maadamu unavua, siku ukilala juani bila kazi unarudi kwenye ukoo. Nikakubali. Nikatafuta wavuvi wawili, wao wanaingia ziwani, mimi nawapokea asubuhi na kukausha samaki.

Basi yakaja magugu maji. Mwanzoni yalikuwa machache, yana ua la zambarau, kuna wanawake waliyaweka kwenye ndoo mlangoni kama pambo. Mvua za masika zilipokwisha, ghuba yetu upande wa Sengerema ilikuwa kijani yote, ungedhani ni shamba la kabichi. Mtumbwi haukuweza kutoka. Pale ghuba inapofunguka kuna mawe makubwa chini ya maji, na ndiko furu, samaki wadogo wa ziwa letu, walikozaliana tangu enzi za mababu. Magugu yalifunika jua, maji yakawa meusi, yakanuka. Mvuvi wangu mmoja alipiga mbizi kunasua wavu kwenye mawe hayo, akarudi na furu waliooza, magamba yanabanduka kwa kidole.

"Mama, kule chini pamekufa," aliniambia.

Tulikata kwa mapanga, tukavuta kwa kamba. Ukipigwa mwano, yowe la kuitana, kijiji kizima kinashuka ufukweni. Tulichovuta leo kilirudi baada ya siku chache. Nyoka wakahamia humo, kipindupindu nacho kikapita nyumba kwa nyumba. Mtumbwi ukaanza kupasuka kwa jua. Nikawa naumwagia maji na kuufunika magunia. Shemeji yangu, huyo wa pamba, kila akienda shambani alisimama hapo.

"Shemeji, naona mtumbwi umelala."

"Haujalala. Unasubiri."

"Unasubiri nini? Magugu yaote miguu yaondoke?"

"Unasubiri wewe uache kuutolea macho."

Ndipo bwana samaki, ofisa wa uvuvi wa serikali, alipokuja na mabeseni ya wadudu. Wadudu wadogo, pua ndefu, sura moja na fukusi wa mahindi. Akaitisha mkutano, akasema hawa wanakula magugu maji peke yake, ndiyo tiba. Sasa uwaambie hivyo Wasukuma waliolima pamba tangu babu zao! Kwetu mdudu aliye juu ya jani ni adui, hana cheo kingine.

Shemeji akasimama. "Sisi kila msimu tunapulizia wadudu, wewe unatuletea wengine kwa beseni? Magugu yakiisha watakula nini, kama si pamba yangu?"

"Hawali pamba, mzee."

"Wamekuambia wenyewe?"

Watu wakacheka mpaka bwana samaki naye akacheka. Wadudu wakamwagwa ghubani hivyo hivyo.

Miezi ikapita. Majani yakaanza kuwa na madoa, kisha yakawa kahawia, mashina yakalegea. Nikaanza kuziba nyufa za mtumbwi kwa pamba na lami. Sikumwambia mtu kwamba nina matumaini.

Wakulima waliona majani yale yale, wakaogopa. Kwao wadudu walikuwa wameongezeka, na zamu iliyofuata ni mashamba. Miaka hiyo dawa ya pamba haikutoka tena kwa chama cha ushirika peke yake. Kila mwenye meza sokoni aliuza, chupa haina hata karatasi. Asubuhi moja nikakuta wanaume na mabomba mgongoni, wamesimama kwenye maji ya magotini, shemeji mbele, wanapuliza ghuba kama wanavyopuliza shamba.

"Mnaua dawa yenu!" nilipiga kelele.

"Tunaua wadudu, mke wa marehemu. Wewe kafuge kuku!"

Kufika mchana wadudu walikuwa wamekufa, na samaki wameelea tumbo juu katikati ya majani. Watu waliokuwa wamesahau ladha ya samaki wakaja na vikapu. Nikasimama njiani, nikawazuia niliowaweza. Mama mkwe, aliyemzaa marehemu na shemeji pia, alikuwa na beseni kichwani.

"Mayu, mama yangu, usile hao. Wana sumu."

"Aliyepuliza ni mwanangu. Mwanangu anaweza kunipa sumu?"

Akawapika. Jioni alianza kutapika na kutokwa na povu. Shemeji akamfunga mgongoni mwake kwa kanga, akapanda baiskeli kwenda hospitali ya Sengerema. Alimrudisha kwa baiskeli hiyo hiyo, amekufa.

Matanga yalipokwisha wazee waliitisha kikao, maana mtumbwi ulikuwa umelala muda mrefu. Wakamgeukia shemeji aseme anautaka au vipi. Alikuwa anatazama chini.

"Uacheni," akasema.

Nilikwenda kwa miguu ghuba ya pili, ambako wadudu hawakupuliziwa, nikajaza beseni majani yenye wadudu, nikafunika kanga mbichi, nikaja kuwamwaga kwetu. Nilirudia mara nyingi. Shemeji aliniona, hakuleta bomba. Niliwahi kumuuliza kama siku ile aliokoa pamba au aliutaka mtumbwi. Alinijibu, "Pamba." Sijui mpaka leo.

Ghuba ilifunguka msimu wa pili baadaye. Mtumbwi wangu ulikuwa wa kwanza kutoka. Ulirudi na sangara. Kwenye mawe tulitega tena na tena, hatukupata furu hata mmoja.

Leo nina mitumbwi mitatu, na ule wa marehemu ni mmojawapo. Nina injini moja. Nina nyumba ya matofali Kiseke, kule Mwanza mjini, imeezekwa bati, nimejenga mwenyewe. Nina ng'ombe sita. Nina makaburi mawili ya saruji, la mume wangu na la mama yake.