Chaki Juu ya Ufa

Kila asubuhi, kabla ya kengele, mwalimu mzee wa darasa la pili huenda nyuma ya darasa, huchuchumaa kwenye kilima kilichoinamia shule na kulaza chaki juu ya ufa uliopasua ardhi, apime upana wake. Binti aliyekuja kujifunza ualimu kwake humtazama dirishani, asithubutu kuuliza. Mzee hurudi, na kwa viganja vyake vipana hufinyanga kilima, bonde na mto katika sinia la mchanga mbichi. Watoto huchora ramani, halafu hufumba macho na kuifuata njia kwa kidole, kutoka dawatini hadi ng'ambo ya bonde.

"Umepita mtoni wewe, umeshakuwa samaki!" mzee humtania anayepotea. "Rudia, mwanangu. Daraja liko wapi?"

Leo, baada ya mvua ya siku tatu, chaki ilitumbukia ufani isionekane tena. Mzee hakugusa mchanga. Aliwafumbisha watoto macho, wakaifuata njia mara moja tu, naye hakumtania mtu. Binti alimsogelea.

"Mwalimu, kilima kitaporomoka?"

"Ndiyo. Waambie wafumbue macho, tunaondoka."