Mashine Niliyokataa Iuzwe

Fundi aliniambia betri imekufa. Nikanunua betri. Hazikupita siku kumi akaniambia betri mpya nayo imekufa. Nikamuuliza imekufa kwa ugonjwa gani, maana nyumbani kwangu haijapata hata muda wa kuzoea. Alifuta mikono kwenye suruali, akafunga ile betri ya zamani nyuma ya bodaboda yake, akasema anakwenda kunitupia, akarudi zake Mbinga mjini.

Hasira ya siku ile sijaimaliza, na sina haraka ya kuimaliza.

Mashine yenyewe ni pikipiki ya matairi manne. Marehemu mume wangu aliinunua kwa watu wa misheni ikiwa imeshachoka, wao wamepata gari. Ina taa moja mbele, ina keria ya chuma nyuma ya kufungia mizigo, na ina kitufe cha kuwashia. Kiki haina. Ukibonyeza kitufe na umeme haufiki, umekalia chuma tu.

Mtu wa tambarare atasema basi bebeni kichwani. Shamba letu la kahawa liko ubavuni mwa mlima, na mtambo wa kumenya kahawa uko mlima wa pili. Unateremka mpaka mtoni, unavuka, unapanda tena. Nimeupanda mlima ule na gunia kichwani tangu nilipoolewa huku kutoka ziwani, na mgongo wangu unajua kila jiwe. Tena kahawa haisubiri. Matunda mekundu yaliyochumwa leo yamenywe leo. Yakilala kwenye gunia yanapata joto, yanaanza kunuka pombe, na pale mtamboni wanakurudisha nayo. Kwa hiyo mashine ile si pambo. Ikifa, mimi na mkwe wangu tunarudi kuwa punda.

Na ilichagua kufa msimu wa kuchuma. Asubuhi inawaka, mchana hapana. Unabonyeza kitufe, inasema tik, taa inafifia, basi. Ukiipiga teke, siku nyingine inakubali. Fundi alibadili betri, akabadili fyuzi, halafu akasema stata imeungua. Nilimwambia kama imeungua mbona jana iliwaka. Akaniambia, "Bibi, umeme si jembe. Huu unahitaji kichwa." Nikamwambia hata jembe linahitaji kichwa, ndiyo maana yeye hana shamba.

Kijana wangu wa mwisho, ambaye ndiye anayeiendesha na ndiye ninayekaa naye, yeye na mkewe, hakugombana na fundi. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko fundi. Alichuna majani tu, kisha siku moja akasema, "Mama, tuiuze. Imezeeka." Kumbe alikuwa ameshapiga simu ziwani, kwa mtoto wa kaka yangu, ambaye alikuwa anatafuta chombo cha kuvutia mitumbwi mchangani na kubeba samaki mpaka barabarani. Jumamosi atakuja na watu wake waisukume, wakaipakie kwenye fuso.

Niliunganisha mambo kichwani mwangu. Kijana anataka bodaboda kama wenzake, aende mjini na kurudi. Mashine haikufa mpaka alipoanza kutamani bodaboda. Jioni wenzake wanakuja kuchaji simu kwenye betri ile, kebo tatu kwa mara moja. Nikasema hapa nimempata.

Sisi huku ukoo wa uwanja mmoja hula pamoja jioni, na maneno ya nyumba husemwa hapohapo kwenye chakula. Ndiyo sengu. Zamani ilikuwa ya wanaume. Sisi tulileta ugali na maharage tukarudi jikoni kusikiliza kwa masikio ya ukutani. Mume wangu alipofariki nilileta ugali nikakaa. Hakuna aliyeninyanyua. Wengi wameiacha sengu, kila mtu na sahani yake na simu yake. Mimi sijaiacha.

Alhamisi ile, shemeji yangu mkubwa yupo, wake wa watoto wapo, wajukuu wapo, nikaacha watu wanawe mikono, nikasema. Nilisema mwanangu ameiua mashine ya baba yake kwa makusudi ili aiuze. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Mkwe wangu aliinamisha kichwa. Mwanangu alikuwa ameshamega tonge. Akalirudisha kwenye sinia, akaenda kunawa, akaondoka. Shemeji akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ninao wa kumgawia.

Ijumaa tulibeba kichwani, mimi na mkwe wangu, safari mbili. Mwanangu alibeba nne.

Jumamosi mapema mtoto wa kaka yangu akafika na wenzake wawili. Aliniamkia, nikaitika, nikamwambia chai ipo lakini mashine haipo. Akacheka. Akaniambia, "Shangazi, naiona pale." Nikamwambia anayoiona ni kaburi la mume wangu, aende akalisukume kama ana ubavu. Wenzake wakarudi nyuma hatua moja. Yeye akakaa kwenye kigoda akaomba sukari.

Kijana huyu anafanya kazi ya taa za kuvulia usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani. Siku hizi wavuvi kule wanavua kwa taa za betri, na yeye ndiye anayezitengeneza. Aliniuliza, kwa kupitisha muda tu, fundi alipima nini. Nikamwambia alipima mfuko wangu. Akauliza betri ya zamani iko wapi. Nikamwambia fundi alikwenda kuitupa. Akasema, "Haijatupwa, shangazi. Itakuwa inapiga redio dukani kwake."

Hapo chai ilinipalia.

Akatoa mfukoni taa ndogo ya pikipiki iliyofungwa nyaya mbili. Alisema kule ziwani taa ikizima hawaanzi na betri, wanaanza na viungio, kwa sababu maji huingia kwenye viungio kwanza. Nikamwambia anipe hiyo taa. Akasita, nikamnyooshea mkono mpaka akanipa. Mafundi nimewaangalia vya kutosha wakipapasa; nilitaka na mimi nipapase changu.

Tukainua kiti. Akanionyesha, nami nikashika. Waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye hasi ya betri: taa ikawaka nyeupe, kali. Betri nzima. Kisha akaniambia niache mmoja kwenye chanya, huu mwingine niugusishe chuma cha mashine, mahali palipokwanguliwa rangi. Nikagusa. Taa ikawa nyekundu kama kaa linalozimika.

"Unaona, shangazi? Umeme unatoka, ila haupati njia ya kurudi."

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Akasogea.

Kutoka hasi ya betri kuna waya mweusi mnene unaokwenda kufungwa kwa nati kwenye chuma, nyuma kabisa, chini ya keria. Fundi hakufika huko hata siku moja, kwa sababu huko inabidi ulale chini. Mimi nililala. Niliweka gunia nikalala chali na miaka yangu yote, nikaangalia juu. Mwisho wa waya ule haukuonekana. Kulikuwa na gamba jeusi kama masizi ya chungu, na sisimizi wanaingia na kutoka. Nikakwangua kwa kisu. Chini ya gamba kulikuwa na unga wa kijani, na nyuzi za shaba zilizobaki hazikufika tano. Gamba lenyewe lilinata kwenye vidole. Nilinusa.

Harufu ile naijua. Imekaa shingoni mwangu miaka yote.

Mama mkwe wangu alinifundisha kulowesha magunia. Ukishajaza matunda unapitia mtoni, unalimwagia gunia maji, kahawa haipati joto njiani. Tulipobeba kichwani maji yale yenye utamu wa matunda yalitiririka shingoni na mgongoni, nasi jioni tukaoga. Ilipokuja mashine sikuacha. Kila siku mwanangu akitaka kuondoka nilimsimamisha pale mtoni nikamwaga ndoo juu ya magunia. Aliwahi kuniambia, misimu miwili nyuma, mama, maji haya yanashuka kwenye mashine. Nilimwambia asinifundishe kahawa. Mashine haikuoga hata jioni moja.

Nililala pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mtoto wa kaka alifungua hasi ya betri kwanza, akakata waya mpaka kwenye shaba safi, akausuka, mimi nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa. Tukafunga nati, akapaka grisi. Akanipisha nibonyeze. Ikashika mara ya kwanza, na kuku wakakimbia.

Nilimgeukia nikamwambia angeweza kunyamaza, akaisukuma, akaitengeneza kwao kwa kazi ya nusu saa. Akasema angenyamaza kama chai isingekuwa na sukari. Kisha akasema kweli: "Ningemwangaliaje baba nikifika nyumbani?" Waliondoka na ndizi, hawakuondoka na mashine.

Kahawa ya siku ile ilipelekwa mapema, magunia makavu, yamefunikwa majani ya mgomba. Mwanangu aliendesha.

Sasa, kwetu neno ulilolisema sengu, ukiwa umekosea, unalirudisha sengu. Huwezi kumvuta mtu pembeni ukamnong'oneza. Jioni nilipika mwenyewe. Niliomba shemeji awe na safari, hakuwa nayo. Alikuwepo, na wote wa Alhamisi walikuwepo, hata mjukuu mmoja aliyekuwa na homa alijitokeza siku hiyo.

Niliacha wanawe mikono. Nikasema, "Alhamisi nilisema mwanangu ameiua mashine. Hakuiua. Niliiua mimi kwa ndoo yangu, na aliniambia, nikamfokea."

Nilikuwa na hasira hata nilipokuwa nasema. Na fundi, na ndoo, na mama mkwe aliye kaburini, na macho ya wale watoto.

Shemeji akatafuna kwanza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo inauzwa?"

Nikafungua mdomo. Mwanangu akanitangulia. "Haiuzwi," alisema, na akasogeza sinia likae katikati yetu. "Ila ndoo ndiyo tutaiuza."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilimega tonge kubwa, nikala.